Jiwe la Mlima Kenya lililoko Erebus

Jiwe lipo mezani hapa ninapoandika. Shemeji yangu aliliokota kando ya mto huko Chogoria, chini ya Mlima Kenya, akalifunga kwa gazeti, likaja na basi mpaka Dar. Ni jeusi, na ndani yake zimejipanga fuwele za rangi ya maziwa, zimekatika pembe kama kashata. Wanajiolojia huliita keniti, jina alilolitoa mwenzao J. W. Gregory mwaka 1900 kutokana na Mlima Kenya. Na jiwe la namna hii hii linatoka Mlima Erebus, Antaktika.

Erebus una mita 3,794, uko Kisiwa cha Ross, na ni volkano hai. Nahodha Mwingereza James Clark Ross aliuona Januari 1841 ukifuka, akaupa jina la meli yake. Meli ya pili ikaachia jina mlima jirani, Terror.

Mimi kazi yangu ni barafu. Nauzia wavuvi wa Feri, soko la samaki la Dar, na najua joto linavyoila: ukichelewa kuifunika gunia, saa nane mchana umebaki na maji. Kule Erebus joto ndilo linalojenga barafu. Mvuke hupenya kwenye nyufa za mlima, ukitoka nje unakutana na baridi kali, unaganda pale pale mdomoni mwa tundu. Unakuja mwingine, unaganda juu ya ule wa kwanza. Hatimaye unasimama mnara wa barafu wenye uwazi katikati, mingine hufikia mita 10, nayo inafuka kama dohani. Chini yake kuna mapango, na baadhi yake hewa hufika nyuzi 25. Hiyo ni asubuhi ya Julai Kigamboni!

Kileleni kuna ziwa la lava. Likilipuka hurusha mabonge nje. Mabonge yakimomonyoka, fuwele zinabaki, nyingine ndefu kama kidole. Watu wa msafara wa Shackleton, mvumbuzi wa Antaktika, walipofika ukingoni Machi 1908, wakiongozwa na Edgeworth David mwenye miaka 50, walizikuta zimetapakaa juu ya theluji.

Leo alfajiri nilibeba jiwe langu mpaka Feri. Lilikuwa limepata joto mfukoni. Nikaliweka juu ya bonge la barafu kabla ya kuanza kukata, likazama taratibu, likajichimbia kitanda chenye umbo lake. Mama mmoja mnunuzi wa samaki changu alinisubiri. Nilipolitoa akaomba alishike, akazipapasa zile fuwele kwa kidole gumba, moja moja.