Jinsi ninavyofuatilia vifaa vya mtandao wa kampuni, kuanzia kwenye soketi

Ushauri wa "nunua leseni kwanza, vifaa vitajipanga vyenyewe" nimeusikia mpaka masikio yamechoka. Kampuni ikiwa na ofisi kuu Kampala na maghala Busia na Malaba, leseni ya programu ya kufuatilia ni jambo la mwisho kabisa. Ghala la Busia likipotea kwenye mtandao usiku, cha kwanza kujua ni kama umeme upo. Ukilijua hilo bila kumwamsha mtu, nusu ya kazi imekwisha.

Programu ninayotumia kufuatilia vifaa ni Zabbix, ya bure. Inakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba, RAM gigabaiti 8, diski ya SSD; mjini unaipata kwa laki kadhaa ukijua kupatana bei. Kuisimika hakuna siri.

Orodha ya vifaa ndiyo inayotaka subira. Ingia kwa mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa kompyuta), ukiwa ndani ya mtandao huohuo, kisha tumia programu ya nmap inayosaka vifaa, andika nmap -sn 192.168.10.0/24, ukiweka anwani za mtandao wako. Ukiwa hivyo nmap inauliza kwa ARP, swali la kutafuta anwani ndani ya mtandao, na hata kifaa kinachokataa ping (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") hujibu. Hili lina maana kubwa kwa sababu ukuta wa usalama wa Windows kwa kawaida haujibu ping, na wanaotegemea ping peke yake hukuletea ripoti kwamba nusu ya idara ya uhasibu imekufa ilhali watu wanachapa kazi.

Baada ya hapo soma jedwali la anwani za MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) kwenye kila swichi ya mtandao, yaani kile kifaa kinachogawa mtandao kwa waya. Poti yenye MAC mbili mara nyingi ni simu ya mezani na kompyuta iliyounganishwa nyuma yake. Yenye saba mara nyingi ina kiswichi kilichofichwa, juu ya dari au chini ya meza ya mhasibu, kinachokula umeme wa ekstensheni moja na birika la chai. Kiondoe au kiandike. Katika orodha yangu kila kifaa kina namba ya kiwandani, MAC, IP (anwani yake ya mtandao), swichi na poti yake, soketi inayokilisha, na tarehe ya betri kama kina betri. Safu ya soketi huwachekesha watu. Waache wacheke.

Sasa niseme habari ya mshauri mmoja aliyelipwa vizuri tu. Mpango wake ulikuwa kupiga ping kila kifaa kila baada ya sekunde chache, na kila kisipojibu, barua pepe itoke. Kwenye karatasi ulipendeza. Umeme ulipokatika Busia na UPS (betri inayoshika vifaa umeme ukikatika) kuisha, ruta ikatuma barua yake, swichi yake, printa yake, kila kamera yake, na kompyuta ya mizani ya malori yake. Tatizo moja, barua rundo. Uzuri zaidi ni kwamba barua hizo zilipitia intaneti ya ofisi kuu. Intaneti ya ofisi kuu yenyewe ikikatika, barua zinapanga foleni ndani ya seva, zinangoja kwa adabu, kisha intaneti ikirudi zinamwagika zote kwa pamoja kutangaza msiba uliokwisha kuzikwa. Bosi anafungua simu asubuhi anauliza, "Mbona Malaba imekufa?" na wakati huo Malaba inapakia malori kama kawaida.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, usiamini ping moja. Soma kila dakika, na tahadhari itoke zikikosekana tatu mfululizo; kwenye Zabbix sharti linaandikwa max(/busia-swichi1/icmpping,#3)=0. Pili, panga utegemezi: tahadhari ya printa iitegemee swichi, ya swichi iitegemee laini ya kwenda ghalani. Laini ikifa, unapata ujumbe mmoja unaosema laini imekufa, na vilivyo nyuma yake vinanyamaza.

Kuhusu umeme, mbinu ninayojivunia haina gharama ya kutajika. Kila ofisi ina ruta ndogo za zamani za Wi-Fi zilizotupwa stoo. Chukua moja, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani isiyopita kwenye UPS wala jenereta, uipe IP ya kudumu. Hiyo ndiyo mlinzi wa umeme. Ikiacha kujibu huku swichi iliyo kwenye UPS ikijibu, umeme wa laini umekatika, na unajua dakika uliyokatika. Ikirudi, toa dakika moja hivi ya kuwaka kwake, unapata muda kamili wa giza. Kama ruta inasema SNMP, lugha ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao, tazama pia muda wake wa kuwa hewani: ukirudi sifuri mara kadhaa kwa siku bila giza lolote kuonekana, volti zinayumba.

Lakini usiiunganishe na swichi kwa waya wa shaba. Kampala na ukanda wa ziwa ni nchi ya radi, na kifaa kisicho na kinga kikiunganishwa kwa waya na swichi yako, umeipa radi njia ya kutoka ukutani hadi kwenye swichi. Iweke kama mteja wa Wi-Fi, ijiunge na kituo cha Wi-Fi kinacholishwa na swichi ya PoE (inayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao) iliyo kwenye UPS. Sharti la tahadhari liwe na pande mbili: mlinzi hajibu na kituo cha Wi-Fi kinajibu. La sivyo kituo kikifa utaambiwa umeme umekatika.

Jengo lenye fezi tatu lina ujanja wake. Fezi moja inaweza kupotea peke yake, taa za upande mmoja zikazima na seva zikaanza kula betri, mlinzi wako yuko kwenye fezi nyingine anasema kheri. Mwulize fundi umeme soketi za chumba cha seva ziko fezi ipi, mlinzi akae hapohapo.

Weka na wa pili, kwenye soketi inayopata umeme wa jenereta. Wa kwanza amezima na wa pili yuko hewani: jenereta inafanya kazi, na saa zinahesabika. Wote wawili wamezima zaidi ya dakika tatu: jenereta haijawaka, piga simu kabla betri hazijaisha. Hizo saa za jenereta, zizidishe kwa ulaji wa mafuta ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, linganisha na risiti za dizeli. Sitasema zaidi, ila mkuu wa fedha aliyekuwa haoni faida ya kufuatilia mitandao sasa ndiye anayeomba ripoti kila mwezi.

Tatizo la mbinu hii ni binadamu. Mlinzi wa umeme wa Busia alikuwa anazimika jioni, muda uleule, kisha anarudi. Umeme wa laini hauna ratiba ya namna hiyo. Nikamwuliza askari wa getini kwa simu.

"Afande, nani anachomoa kile kidude cheupe karibu na mlango?"

"Ah, mkubwa, ni simu yangu tu naipa chaji. Namaliza nakirudisha."

Kubandika karatasi ya "usichomoe" hakusaidii. Fungia soketi ya mlinzi wa umeme ndani ya kiboksi, na askari umpe soketi yake ya kuchajia. Soketi ya pili ni rahisi kuliko karatasi kumi.

UPS nazisoma kwa NUT, programu ya kuzungumza na UPS, kupitia waya wa USB. Kwa UPS za APC tumia dereva usbhid-ups. Hizi za bei nafuu zilizojaa madukani nyingi zinakubali nutdrv_qx. Amri upsc itakuonyesha ups.status: OL ni umeme upo, OB ni betri, LB ni betri karibu kuisha. Usidanganywe na battery.charge. UPS ya bei nafuu yenye betri mbovu itasema asilimia 100 mpaka dakika inapozima. Ipime kwa kazi: kila mwezi iache ibebe mzigo wake dakika kumi, mtu akiwapo, uandike battery.voltage. Betri ya volti 12 inayoporomoka kuelekea 10.5 ndani ya dakika chache imekwisha, hata kama ni ya mwaka jana. Joto ndilo linaloziua. Kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri ya risasi hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo kumbuka kiyoyozi: vingi haviwaki vyenyewe umeme ukirudi, na chumba kinachemka polepole huku kila kifaa kikijibu ping vizuri. Swichi nyingi hutoa joto lake kwa SNMP, lisome. Na seva usizisubirishe LB ndipo zijizime. Betri iliyochoka huruka kutoka OB hadi giza bila kupita LB. Mimi naziambia zijizime OB ikifika dakika kumi.

Kwenye swichi zenyewe, tahadhari ninayoipenda kuliko zote ni ya kasi kushuka. Poti iliyokuwa na kasi ya megabiti 1000 ikishuka hadi 100, mara nyingi jozi ya waya imekatika au kichwa kimelegea: gigabiti inataka jozi nne, mia inaridhika na mbili. Mtumiaji haoni kitu, analalamika tu kwamba mafaili ni mazito. Makosa ya CRC (data inayofika imeharibika) yakipanda pamoja na hilo, usihangaike na mipangilio, kabane kichwa upya.

Na waya wenyewe uukague kabla hujalipa. Mjini kuna maboksi mengi ya waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua kwa wembe. Ndani ukikuta weupe, rudisha. Dalili yake ghalani ni kamera ya mwisho kabisa, inayofanya kazi mchana kutwa na kuanza kujizima na kujiwasha giza likiingia. Taa zake za infraredi zinawaka jioni, kamera inataka umeme mwingi zaidi, na alumini kwa urefu huo haiufikishi. Swichi ya PoE inayosimamika inakuonyesha wati za kila poti, kwa hiyo huhitaji kupanda ngazi usiku kulijua hilo.

Kwa trafiki soma ifHCInOctets, kihesabu cha baiti zinazoingia kwenye poti, cha biti 64, na kwa hilo SNMP toleo la 1 haifai. Kile cha biti 32 hujaa kwenye baiti bilioni 4.29 na kuanza upya. Poti ya gigabiti iliyojaa inakimaliza kwa sekunde 34 hivi, hivyo ukisoma kila dakika tano grafu yako ni hadithi. Muda wa kuwa hewani nao hujizungusha baada ya siku 497, ila kwa umeme wetu sijaona swichi ya kufika huko. Neno public, nywila ya SNMP ambayo vifaa vingi huja nayo, libadilishe siku ya kwanza, na kifaa kinachokubali toleo la 3 kipe hilo pamoja na usimbaji. Visivyokubali vifungie kwenye VLAN ya usimamizi (mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile), poti ya UDP 161 ifikike kutoka seva yako tu.

Maghalani weka Zabbix proksi, msaidizi wa seva, kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ikusanye yenyewe laini ikikatika na kutuma laini ikirudi. Hapa kuna mtego: ProxyOfflineBuffer, muda wa kutunza habari zisizotumwa, kwa kawaida ni saa moja tu. Laini ikikatika usiku kucha, asubuhi una saa moja ya habari. Iweke 72. Kadi ya SD usiitegemee, kukatika kwa umeme kunaiua. Tumia SSD ya USB. Na Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri, ikiwaka bila intaneti inaandika tarehe za ajabu, kwa hiyo iache isome saa kutoka kwenye ruta ya ghala kwa NTP.

Tahadhari zangu zinatoka kwa SMS, kwa modemu ya USB na programu ya SMS ya gammu-smsd, laini ya simu ya kampuni tofauti na inayotupa intaneti. Wengi wanasema WhatsApp inatosha. Intaneti ilizimwa Uganda nzima Januari 2021 wakati wa uchaguzi, siku kadhaa. Tahadhari inayotegemea intaneti ingefika lini? Modemu usiiite /dev/ttyUSB0, jina hilo hubadilika ikichomolewa. Tumia njia iliyo chini ya /dev/serial/by-id. Kila siku saa mbili asubuhi seva inanitumia "niko hai". Isipofika, salio limeisha au seva imekufa, na vyote viwili nataka kuvijua.

Wafanyakazi watauliza kama unasoma meseji zao. Waonyeshe skrini: SNMP inahesabu baiti, haisomi yaliyomo.

Printa zimebaki. Wino uko kwenye namba ya SNMP 1.3.6.1.2.1.43.11.1.1.9, na printa ikijibu -3 maana yake ni "upo kiasi fulani", si hitilafu, usiichoree grafu. Yenye thamani zaidi ni 1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4, hesabu ya kurasa zote tangu printa izaliwe. Kama mashine za fotokopi ni za kukodi na mnalipa kwa kila ukurasa, isome namba hiyo siku ya mwisho wa mwezi, kabla mwenye mashine hajaja kuisoma yeye.