Sikio la nani

Jumapili nilikuwa kwa shangazi na mpaka leo limenikaa kooni. Mnamjua, mtu wa Tanga, kakulia kwenye mashairi, madaftari yake bado yamefungwa magazeti chini ya kitanda. Nikamchania mstari wa kufungulia vesi ya pili ya wimbo wangu wa rap: "Kodi ya pango, hodi ya mgambo." Akahesabu silabi kwa vidole. "Kushoto mizani tano, kulia sita. Na ngo na mbo tangu lini zikawa kina?" Nikamwambia shangazi, kwenye rap sikio ndo linaamua. Akanitazama. "Sikio la nani, mwanangu?" Akarudi kuchambua mchele wake.

Wiki nzima ni hiyo tu, sikio la nani, sikio la nani. Dada kajifungua Jumanne, kazini wametangaza tunahamia Dodoma, mi niko kwenye daladala nabishana na shangazi kichwani. Kiswahili karibu kila neno linaishia irabu, sasa kufananisha herufi ya mwisho tu hata mtoto anaweza, kazi iko silabi ya pili kutoka mwisho pale sauti inapokazwa, kwa hiyo pa ya pango na ga ya mgambo zikiangukia kwenye sneya, ile ngoma inayopiga pa kwenye biti, sikio linashika ile a-o na ngo na mbo zinapita salama. Na ile m, huo mzani wa sita anaoulalamikia, inaingia kabla ya sneya kama mtu anayevuta pumzi. Kodi na hodi je? Hapo hata yeye hana neno. Nimekulia kwenye kanda za rap za Hard Blasters na Profesa Jay, haya mambo nayajua kwa masikio.

Alhamisi studio nikasema ngoja nimridhishe: "Kodi ya pango, hodi ya lango." Tano kwa tano, kina safi kabisa. Prodyuza akasimamisha biti. "Mgambo kaenda wapi?"

Aisee nilifurahi! Maana vesi nzima ni ya mama wa vitumbua aliyepigiwa teke meza yake, ukimtoa mgambo pale unabaki na geti tu. Nikamrudisha, nikarekodi kwa mkupuo mmoja. Jumapili nampelekea shangazi kwenye simu, na spika nabeba.

Ila mtoto wa dada macho bado ya njano. Wametuambia tumrudishe kliniki kesho asubuhi, na huku kwetu mvua haijakata tangu juzi, bodaboda hawapiti.