Mpwa wangu, mafagio na chuo cha bure kule Kentucky

Kufika Chuo cha Berea ni shughuli jamani. Ndege inakushusha Lexington, halafu hakuna daladala, hakuna boda, ni wewe na begi lako na jamaa wa teksi aliyenitajia bei nikadhani ananiuzia gari lenyewe. Nikagoma. Nikazunguka zunguka pale nje na baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, nikarudi kwake mpole, na bei ikawa imepanda! Njia nzima sikumsemesha.

Siku za mwanzo nililala tu, naziruka.

Nilienda kwa sababu ya ubishi. Dada yangu kutwa anatamba mwanae anayesoma hapo halipi ada, mi nasema haiwezekani, Marekani hii hii? Kumbe kweli, hawatozi ada ya masomo tangu 1892, ila kila mwanafunzi lazima apige kazi, angalau masaa 10 kwa wiki, uwe mtoto wa nani sijui.

Mpwa wangu akanipeleka karakana ya mafagio. Kuna kijana kakaa pale na matita ya mtama, sio ule wa kula, huu wanataka zile nyuzi za kwenye suke, anazipanga kwenye mpini, anazungusha, anazibana na waya mpaka mishipa ya mkono inamtoka, kisha anaulaza ufagio bapa anaushona kwa uzi mstari kwa mstari. Nilisimama hapo muda mrefu mpaka nikavutwa shati. Kazi safi kwelikweli. Nikageuza kikaratasi cha bei nikaurudisha taratibu, mi nimezoea chelewa za buku.

Historia yao nayo si ya kitoto. Mchungaji John Fee, mzungu aliyepinga utumwa, alianzisha shule hapo 1855 kwenye jimbo la utumwa, na 1859 wazungu wenye silaha wakamtimua yeye na wenzake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha akarudi, na 1866 wakaanza kusomesha weusi na weupe pamoja, mwaka wa kwanza weusi 96, weupe 91. Carter G. Woodson, yule mwanahistoria mweusi, kamaliza hapo 1903. Mwaka uliofuata tu jimbo likatunga sheria ya kukataza wasichanganyike, na chuo kilichokuwa kinachanganya jimboni humo ni hicho kimoja! Wakaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, 1908 wakashindwa, weusi wakarudi 1950 sheria iliporekebishwa. Yaani babu anafukuzwa, mjukuu ndo anaingia.

Nikawa nawaza kwetu. Mwalimu alituandikia Elimu ya Kujitegemea 1967, lakini mimi shuleni jembe nililijua kama adhabu, umechelewa namba, shika fyekeo. Waliojua kingereza walikaa kivulini. Mpaka leo ukimwona msomi na ndoo unauliza kulikoni. Pale Berea hata mwenye A zote ana zamu yake na hakuna anayemshangaa.

Nikamuuliza mpwa wangu, na wewe umepangiwa wapi? Akacheka kwanza. Anasafisha vyoo vya bweni. Na dada huku mtaani katangaza mwanae yuko ofisini, kompyuta na kiyoyozi.

"Mjomba, nakuomba, usimwambie mama."

Sijamwambia. Ila juzi kanipigia kuuliza hiyo ofisi ina ghorofa ngapi.