Nilivyorudi kumaliza vitabu: riwaya na tawasifu, jozi kwa jozi

Kwa muda wa kama miaka miwili sikumaliza kitabu hata kimoja. Sisemi sikusoma. Nilianza vingi. Nina tabia mbaya ya kukunja pembe ya ukurasa nilipoishia, na siku moja nikipangusa rafu nikaona kitu kilichonitia aibu: vitabu 11, pembe zote zimekunjwa kati ya ukurasa wa 30 na wa 50. Ungedhani pale katikati pamejengwa ukuta.

Ukuta wenyewe naujua. Hapo ndipo ugeni wa kitabu unapokwisha. Majina umeshayazoea, mahali umeshapaona, na sasa mwandishi anakudai: kaa, niamini, tuendelee. Mimi nikifika hapo nilikuwa nachukua simu.

Dawa za kawaida nilizijaribu zote. Kurasa 20 kila usiku kabla ya kulala. Nilidumu wiki moja na siku moja. Kuzima simu, niliiwasha. Kujipangia idadi ya vitabu kwa mwaka; nikajikuta nachagua vyembamba, kama mwanafunzi anayeibia mtihani alioutunga mwenyewe.

Kilichonitoa ni bahati tu. Nilikuwa nasoma Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, tawasifu ya Shaaban Robert, nikagota palepale pa siku zote. Kitabu si kibaya, na Kiswahili chake hakuna wa kukigusa. Kilichonichosha ni adabu. Mtu alikuwa karani wa forodha, akahamishwa vituo, akafiwa, akatumikia serikali ya kikoloni miaka na miaka, na sauti yake haipandi. Hata anapoonewa anasimulia kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Nikakitua. Chini yake kulikuwa na Kusadikika, kijitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani na tukakiacha hukohuko. Nikakifungua kwa kupitisha macho. Kesho yake nilikuwa nimekimaliza.

Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu sheria, na anayemshtaki ni waziri Majivuno. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuwafaa watu, na malipo yao yakawa kifungo. Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni hadithi ya maadili. Safari hii niliona hasira. Kumbe yule karani mtaratibu meza aliigonga. Aliigonga katika nchi aliyoitundika angani, ili anayesikia kishindo asijue ni meza ya nani.

Nikarudi kwenye tawasifu na swali moja kichwani: Majivuno yuko wapi humu? Swali hilo lilinivusha ukuta. Nilisoma nikimtafuta kwenye kila ofisi, kila safari, kila barua ya uhamisho. Nikakimaliza pia. Nikajitungia na nadharia: mwandishi husema kweli kwenye riwaya na hujificha kwenye tawasifu.

Humo kwenye tawasifu kuna mahali ambapo kinyume chake hutokea, na sitaki kupaharakia. Mkewe, Amina, anafariki. Shaaban Robert hasimulii sana. Anaweka shairi, na humo anamlinganisha na ua lililochanua kisha likafunga. Nilisoma shairi lile nikiwa na kumbukumbu ya kitabu kingine cha kilio, The Year of Magical Thinking cha Joan Didion, kilichotoka mwaka 2005. Mume wa Didion alianguka na kufa mezani nyumbani kwao, Desemba 2003. Baadaye Didion anagawa nguo za marehemu, lakini viatu vinamshinda. Anasimama mlangoni mwa chumba, hawezi kuvitoa, kwa sababu mume akirudi atavaa nini? Mwanamke mwenye akili timamu, mwandishi wa miaka mingi, anajua mume amekufa, na bado anamwekea viatu.

Watu wengi wangesema Didion ndiye aliyesema kweli zaidi, kwa kuwa ametuonyesha viatu. Mimi nilidhani hivyo pia, kisha nikabadilika. Shairi la Amina limefungwa kwa vina na mizani kwa sababu mwandishi alihitaji kitu cha kumshika asianguke. Viatu ni kilio cha mtu aliyejiruhusu kulia hadharani, na shairi ni kilio cha mtu ambaye malezi yake hayakumruhusu. Huyu wa pili ndiye aliyeniumiza zaidi, na sioni haya kusema hivyo.

Basi nikaamua kuendelea kwa jozi. Mwandishi mmoja, riwaya moja na tawasifu moja, zisomwe zikifuatana. Riwaya ndiyo itangulie, maana nilijaribu kinyume chake mara moja nikaona kila mhusika amegeuka kivuli cha mtu ninayemjua tayari. Wala sikujiwekea kurasa za siku wala tarehe ya kumaliza. Nilichohitaji ni swali la kubeba kutoka kitabu cha kwanza kwenda cha pili.

Jozi iliyofuata ilikuwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o: Weep Not, Child ya mwaka 1964 na Dreams in a Time of War ya mwaka 2010. Miaka 46 kati ya riwaya na tawasifu, na zote mbili zinabeba tukio lilelile: mama anamuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule.

Katika riwaya, Nyokabi anamuuliza Njoroge, na mtoto anaingiwa na hofu kwamba mama ataghairi. Ni tukio zuri, lenye mwanga. Katika tawasifu, mwaka ni 1947, na mama anaongeza maneno ambayo riwaya haina. Anamwambia mtoto kwamba wao ni maskini, huenda mchana asipate chakula, na anamtaka aahidi kwamba hatamwaibisha kwa kuacha shule siku moja kwa sababu ya njaa au shida. Na kwamba kila mara atajitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Mtoto anakubali. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Riwaya ilinipa tumaini la kwenda shule, tawasifu ikanipa masharti yake, na njaa imo ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliandika tumaini. Mzee wa miaka sabini na kitu ndiye aliyeikumbuka njaa.

Kwa hiyo ile nadharia yangu ya Kusadikika, kwamba mwandishi husema kweli kwenye riwaya na hujificha kwenye tawasifu, ilivunjika kwenye jozi ya pili tu. Nikafurahi. Nadharia isiyovunjika husomesha mtu kivivu.

Njoroge mwenyewe, niseme ukweli, alinichosha. Ana ndoto nyingi na macho machache. Kaka yake Boro, aliyerudi vitani na uchungu, ndiye anayebeba riwaya kwa maoni yangu, na kila Boro anapotoka jukwaani kitabu kinapoa. Lakini mwisho wake ulinishika kwa sababu ya jozi. Njoroge anakatishwa masomo, anafika hatua ya kutaka kujinyonga, mama yake anamtafuta gizani, na kitabu kinafungwa akiwafungulia mlango mama zake wawili. Sasa soma mwisho wa tawasifu. Mvulana amechaguliwa kwenda Alliance, shule ya sekondari, sanduku liko tayari, anafika stesheni na kuzuiwa kupanda treni kwa kukosa kibali cha kusafiri. Anaondoka kwa treni ya mizigo. Ilibaki kidogo tu asiende. Nilipoisoma ile treni ya mizigo ndipo nilipomsamehe Njoroge: ndivyo yule mvulana angekuwa kama treni ile isingekuwapo.

Jozi ya tatu, Adam Shafi, ndiyo niliyoikosea. Nilianza na Haini, riwaya ya mwaka 2003, kisha Mbali na Nyumbani, ya mwaka 2013. Haini ni kitabu cha gereza na mahojiano baada ya kiongozi kuuawa, na mwandishi wake alionja kifungo mwenyewe baada ya Rais Abeid Karume kuuawa Aprili 1972. Mbali na Nyumbani inasimulia safari ya ujana, kijana anayeondoka Unguja akitafuta njia ya kufika Ulaya. Ajabu yake ni hii: safari ameisimulia kwa "mimi", gereza amelisimulia kwa "yeye". Kwenye safari ni Adam, kwenye kifungo ni Hamza.

Nilijaza daftari zima. Huyu mhusika ni nani hasa, yule ofisa ni nani, tukio hili lilitokea kweli au la. Dada yangu, aliyenipita kwa kusoma tangu utotoni, alilichukua lile daftari akalipekua, kisha akanirudishia.

"Mdogo wangu, wewe husomi tena. Unapeleleza."

"Dada, si ndiyo maana ya kusoma kwa jozi? Ninalinganisha."

"Unalinganisha nini? Umeandika kurasa 30 kutafuta Hamza ni nani. Haya niambie, Hamza anaposubiri kuitwa kuhojiwa, anahisi nini?"

Nikabaki kumtazama. Nilikuwa nimeimaliza riwaya wiki iliyopita na sikuwa na jibu. Hamza nilimgeuza jalada la kesi. Lile "yeye" ambalo nililitilia alama ya kuuliza kila ukurasa, kumbe huenda ndilo lililomwezesha mwandishi kuikaribia seli ile kabisa. Niliisoma Haini mara ya pili bila kalamu, na mara hii kusubiri kwenyewe ndiko kulikonibana kifua, kusubiri kuliko kipigo.

Mbali na Nyumbani ni jambo jingine kabisa. Ni kitabu cha mtu anayependa kusimulia, barazani, kahawa ikipoa, na wakati mwingine anasahau kwamba wasikilizaji wana kwao. Ningeipunguza. Lakini ilinichekesha peke yangu mara kadhaa, na kicheko cha mtu aliyeandika Haini kina uzito wake. Na mtu akiniuliza aanze wapi na Adam Shafi, nitamwambia aziache zote mbili kwanza, achukue Vuta n'kuvute ya mwaka 1999. Yasmin wa miaka 15 anaozwa Raza wa miaka 52, na mwandishi hakuhubirii. Anakuweka ndani ya nyumba ile mpaka na wewe utamani kutoroka.

Tangu siku ya daftari nimebadili utaratibu kidogo. Riwaya naisoma bila kuandika neno. Daftari nalifungua kwenye tawasifu, na hata huko naandika maswali tu. Simu bado naichukua, nisijifanye malaika, ila siku hizi naichukua baada ya sura kuisha. Katika miezi tisa nimemaliza vitabu 14. Kwa msomaji mzoefu hiyo si habari.

Nilipofika kwa Abdulrazak Gurnah utaratibu wenyewe ukakwama. Nilichagua By the Sea ya mwaka 2001, nikatafuta cha kukipatia mwenzake, nikaishia kwenye hotuba aliyoitoa Desemba 2021 alipopewa tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Ndani yake anaeleza kwamba kuandika kulikuwa raha kwake tangu darasani, pale mwalimu alipowaambia watunge hadithi. Hotuba fupi, riwaya ndefu. Jozi ya mguu mmoja mfupi.

Riwaya yenyewe lakini! Mzee Saleh Omar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Katika mizigo yake ana kisanduku cha uudi. Ofisa wa uhamiaji anakifungua, ananusa, anauliza maswali, kisha anakichukua. Basi. Hakuna kofi, hakuna tusi. Mzee ananyamaza, kwa kuwa mtu aliyesema hajui lugha hawezi kulalamika kwa lugha hiyo. Nimesoma kurasa nyingi za mateso mwaka huu, za gereza na za vita, na kile kisanduku bado ndicho ninachokirudia.

Nilimsimulia dada kwa urefu. Nikamwambia kinachonisumbua ni kwamba kitabu hiki sina cha kukilinganisha nacho.

"Basi kisome peke yake, kama watu wengine," akasema, akakitia mkobani.

Ameahidi kukirudisha kabla mwezi haujaisha. Haini aliichukua kwa ahadi hiyohiyo.