Ninavyomsoma Brutus bila kushika mwongozo

Watu ninaosoma nao Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, wa kuigiza na wa kufanyia mtihani, huanza na swali lilelile: dhamira zake ni zipi? Siku hizi siligusi hadi mwisho. Anayeanza na dhamira huandika "usaliti", "uroho wa madaraka", "urafiki", kisha hurudi kitabuni kuokota mistari ya kuyapamba maneno hayo. Huyo hasomi tena, anatafutia ushahidi kesi aliyokwisha kuikatia hukumu. Brutus, Mrumi anayejiunga na njama ya kumuua Caesar, mtawala wa Roma, naye alifanya hivyohivyo, ndiyo maana naanza na yeye.

Fungua sehemu ya 2, onyesho la 1. Ni usiku, yuko bustanini anajisemea. Kauli yake ya kwanza ni hukumu: hakuna njia ila Caesar afe. Sababu zinakuja nyuma. Chukua penseli upigie mstari kila "huenda" na kila "akivikwa taji", uone jinsi hoja nzima ilivyosimama juu ya jambo ambalo halijatokea. Mwenyewe anakiri kwamba hana kisa naye, tena hajapata kuona matamanio ya Caesar yakiishinda akili yake. Kisha anamfananisha na yai la nyoka, liuawe lingali gandani. Mfano unasisimua, lakini si ushahidi, na wengi huunukuu kana kwamba ni ushahidi.

Muda si muda mtumishi Lucius anamletea barua aliyoikuta dirishani. Sisi tunajua imetoka wapi, kwa sababu mwishoni mwa onyesho la 2 la sehemu ya 1 Cassius, kiongozi wa njama hiyo, amesema atarusha barua kadhaa zenye miandiko tofauti, zionekane ni za raia. Barua yenyewe haijakamilika. Inasema "Je, Roma", kisha maneno yanakatika, na Brutus anajaza mwenyewe: je, Roma iishi kwa kumhofu mtu mmoja? Hapo ndipo ninapomsimamisha mwigizaji. Ukimcheza Brutus kama mtu mwema aliyelaghaiwa, mstari huo unakuumbua. Cassius alimpa kipande tu cha sentensi. Kilichobaki alikitoa moyoni mwake.

Kwa kila mhusika mkuu natenga ukurasa wa daftari na kuugawa safu 4: anachosema juu yake mwenyewe, wanachosema wengine akiwa hayupo, anachotenda, na anachotenda baada ya kupata alichokitaka. Safu tatu za mwanzo kila mtu huzijaza. Ya nne ndiyo yenye mavuno, na ndiyo inayobaki tupu.

Mchukue Antony, rafiki wa Caesar. Caesar akishauawa, anasoma wosia wake mbele ya umati: kila raia drakma 75, na bustani zake za kando ya mto Tiber ziwe za watu wote. Umati unaondoka na mioto. Onyesho la 1 la sehemu ya 4 ni fupi, kwa hiyo wasomaji hulipitia juujuu. Antony ameketi na Octavius na Lepidus, washirika wake wapya wa utawala, wanatia alama majina ya watakaouawa, mpwa wake akiwemo, kisha anamtuma Lepidus akalete ule wosia watazame namna ya kupunguza mafungu yaliyoahidiwa. Asiyeliona onyesho hili ataandika kwamba Antony ni rafiki mwaminifu. Anayelishika hili peke yake ataandika kwamba ni mnafiki. Lakini alipobaki na maiti ya Caesar, bila shahidi, aliomboleza kwa uchungu mtupu. Pale hakuwa na wa kumdanganya. Andika yote mawili, usiyapatanishe kwa nguvu.

Safu ya nne ya Brutus inauma zaidi. Katika ugomvi wa hemani, sehemu ya 4, onyesho la 3, anamshutumu Cassius kwa rushwa na kusema yeye hawezi kuwakamua wakulima fedha kwa njia chafu. Papo hapo analalamika kwamba alimwomba Cassius dhahabu ya kulipa askari wake akanyimwa. Dhahabu ya Cassius ilitoka wapi? Brutus haulizi.

Baada ya wahusika nafuatilia neno linalojirudia. Kwenye hotuba ya Antony mazishini mwa Caesar ni lile la heshima. Mara 4 anamwita Brutus mtu wa heshima, na baada ya ile ya kwanza, kila mara kabla yake ametaja mema ya Caesar: urafiki wake wa kweli, mateka waliojaza hazina kwa fidia, machozi kwa maskini, taji lililokataliwa mara 3. Kisha anahamia wingi, "watu hao wa heshima", mpaka raia mmoja analirusha neno hilo hewani kama tusi. Ukiisoma kwa sauti katika Kiswahili (Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake 1963, akairekebisha 1969), jaribu kutia "mheshimiwa" mahali pale usikie wasikilizaji wanavyoguna. "Muungwana" lina uzito mwingine, la nasaba na mwenendo, na kinaya chake huchelewa kufika. Katika filamu ya 1953 Marlon Brando, anayemcheza Antony, akisema lazima asubiri moyo wake urudi, anaupa umati mgongo na kamera inatuachia uso wake akiwasikiliza. Jukwaani uso huo hauonekani hivyo, kwa hiyo mtu akijibu swali la tamthilia kwa kuikumbuka filamu, anakuwa amejibu tafsiri ya mwongozaji.

Sasa dhamira. Naikubali ikiwa sentensi kamili inayoweza kupingwa. "Usaliti" ni neno tu. Yangu husomeka hivi: watu hawa huangamia kwa kusoma ishara wanavyopenda wao. Mapema kabisa, usiku wa dhoruba, Cicero anasema wanadamu hufasiri mambo kwa namna yao, mbali na maana yake halisi. Ndoto moja ya Calpurnia, mke wa Caesar, sanamu inayotoka damu, mwenyewe anaiona ni mauti na Decius, mmoja wa wenye njama, anaigeuza baraka. Vitani Philippi, Cassius mwenye macho hafifu anamtegemea mtumishi wake Pindarus aliye kilimani. Anasikia rafiki yake Titinius ametekwa, anamwamuru Pindarus amuue, kumbe waliomzunguka Titinius ni wenzake wanaoshangilia. Kisha naitafutia onyesho la kuipinga. Antony wa mwisho anamsifu Brutus kuwa Mrumi bora kuliko wote. Je, huyu amesoma sawasawa? Angalia nani anasema, na juu ya maiti ya nani, halafu rudi ukasikilize hotuba yake ya kwanza.

Onyesho ninalolirudia sana ni la 3 katika sehemu ya 3, mara tu baada ya hotuba ya Antony, mistari isiyofika hamsini. Umati unamkamata Cinna, mshairi, kwa kuwa ana jina moja na mmoja wa waliomuua Caesar. Anawaambia yeye ni mshairi. Wamemsikia, wamemwelewa, na jibu lao ni kwamba basi auawe kwa mashairi yake mabaya.