Tumeing'oa saruji chumbani kwa bibi

Kitanda cha bibi kilikuwa kinahama. Kila baada ya miezi michache tunakikuta kimeteremkia katikati ya chumba, tunakirudisha ukutani. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtaa wa Sokomuhogo, na chumba chenyewe ni cha ghorofani. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba kongwe la mjini kwetu, iporomoke tarehe 25 Desemba 2020, mama alikataa mtu yeyote kulala chini ya chumba hicho.

Fundi wa kwanza alisema tumwage saruji, tusawazishe, tupige vigae. Nashukuru pesa hatukuwa nazo, maana saruji ndiyo iliyotufikisha pale. Nilipokuwa skuli, sakafu ilishabonyea katikati, na bonde hilohilo lilishamwagiwa saruji ya inchi mbili. Piga hesabu: chumba cha mita 3 kwa 5, ni zaidi ya tani moja na nusu juu ya boriti za miti ya mikoko zinazobeba sakafu.

Fundi wa pili, mzee wa makamo ya babu yangu, sakafu hata hakuitazama. Alishuka chini, akaweka ngazi, akaanza kugonga boriti moja moja kwa nyundo, sikio kalitega. Nzima inalia, mbovu inajibu pu, kama papai lililoiva.

"Mwanangu, boriti huanza kufa kichwani, huko ndani ya ukuta usikokuona."

Kati ya boriti 14, tano zilikuwa zimeoza vichwa. Bomba la choo lilikuwa linavuja polepole ukutani, na ukuta wa nje umepigwa plasta ya saruji. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe. Matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia humo humo, mti ukaoza.

Kwa hiyo bomba kwanza. Kisha mirunda, miti ya kutegemeza boriti kutoka chini, imekazwa kwa kabari, kidogo leo, kidogo kesho. Mzee alikataa kabisa kuinua kwa siku moja, alisema kuta zitapasuka. Ndipo tukaibomoa saruji na kuiteremsha kwa ndoo, siku nne. Boriti nzima zikainuka karibu unene wa kidole.

Boriti mpya zililazwa juu ya chokaa, zikaachiwa nafasi ya kupumua vichwani. Juu yake mawe bapa, kisha kokoto na chokaa iliyolowekwa, pamoja na udongo mwekundu. Halafu kupiga. Vibao vya mti, asubuhi hadi alasiri, siku baada ya siku, mpaka sakafu inakaza. Shangazi yangu alipanda na kibao chake bila kuitwa, akaanza kuimba, na wale vijana wakamfuata.

Sakafu haikunyooka kama meza. Bonde dogo limebaki, na mzee alisema tuliache. Nimechora chaki sakafuni, kwenye miguu ya kitanda. Hii ni wiki ya tisa na hakijatoka kwenye alama. Masika yakipita tutaibandua ile plasta ya nje.