Kutwa Nzima na Tabo Chotara

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kugusa kitu kingine nafungua kifurushi cha jana: shafti na feni yake ya moshi (inayozungushwa na moshi wa injini), ya tabo, yaani tabochaja, pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, ambayo haitengenezwi tena. Leo naifanya chotara: shafti ya asili, feni ya hewa mpya na kubwa zaidi. Nimeisaka muda mrefu. Watu hudhani kibarua ni kupata feni kubwa ya hewa, ile ya upande wa pili wa shafti inayosukuma hewa. Wapi! Hiyo mashine ya kompyuta inaichonga kutoka kwenye gogo la alumini, kwa vipimo unavyotaka. Feni ya moshi ni Inconel, aloi ya nikeli inayohimili moshi wa nyuzi 900, tena imeunganishwa na shafti ya chuma kiwandani. Huwezi kuifanyia hayo gereji. Ukiikosa, huna tabo.

Saa 2. Shafti nailaza kwenye vibao vya V, naigusisha geji ya saa, naizungusha kwa kidole. Sindano haitikisiki sana, imenyooka. Mikromita inapita sehemu za beringi, kisha naweka ringi mpya (ya kuziba moshi na oili) kwenye mfereji wake nione inacheza kiasi gani. Natazama pia rangi. Shafti iliyogeuka buluu iliwahi kukosa oili, na muuzaji aape atakavyo, hiyo siitumii. Hii ni safi.

Saa 4 mteja anapiga. "Fundi, weka feni kubwa kabisa." Namwambia, kaka, feni ya hewa ikiizidi nguvu ya moshi, tabo inachelewa kuamka, na hewa inaweza kurudi nyuma kwa vishindo, beringi ya thrasti, inayozuia shafti isisogee mbele na nyuma, ndiyo inayopigwa. Tunakubaliana feni ya hewa yenye kipenyo cha mm 44.5 mdomoni na mm 60 nyuma. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe, kisha mara 100: unapata trimu, kipimo cha uwiano wa mdomo na nyuma ya feni, 55. Inatosha.

Saa 5 hadi saa 9 niko kwenye kerezo. Hausingi ya hewa (ganda linalofunika feni) ni ileile ya asili ili mabomba yakae palepale. Ninachofanya ni kuitanua ndani ifuate mkunjo wa feni mpya. Naacha mwanya wa mm 0.3 hivi. Ukizidi, hewa inavuja kurudi nyuma. Ukipungua, kuna hatari ya kugusana, maana shafti hailali juu ya chuma, inaelea kwenye oili, na tabo ndogo hupita mizunguko 150,000 kwa dakika. Kwa hiyo feni naipaka wino kingoni, naijaribu, naitoa, naangalia wapi wino umefutika, nakata tena kidogo. Mikono inachoka kuliko mashine.

Beringi ya thrasti ya nyuzi 270, yaani robo tatu ya duara, naibadilisha kwa ya 360, duara kamili. Hiyo haichukui muda.

Saa 10, balansi, yaani kusawazisha uzito ili vinavyozunguka visitikisike. Shafti peke yake kwanza, kisha feni ya hewa, mwishowe kiini chote (shafti, feni na sehemu ya kati yenye beringi) kikiwa kimefungwa. Shafti, feni na nati natia alama moja iliyopangana, nikifungua virudi palepale. Uzito naupunguza kwenye kitovu au kwenye nati, kamwe si kwenye mapanga.

Saa 12 jioni nafunga sanduku na kuandika maelekezo. Bomba la oili inayorudi literemke bila kona. Jaza oili kwenye tabo, zungusha injini bila kuiwasha mpaka presha ipande. Na silikoni kwenye mdomo wa oili marufuku: ikimeguka inaziba tundu la oili, beringi zinakauka, na shafti nyingine kama hiyo sina.